Siku 259 na Kipara: shajara ya mbuzi wa kopa-lipa

Kabla ya kuanza kuhesabu

Mbuzi ameingia kwa dada yangu jana jioni, mvua ikimfuata nyuma. Si wetu bado. Bibi mmoja wa kitongoji cha juu ametukabidhi kwa masharti ya kopa mbuzi lipa mbuzi: mtunzeni, azae, na jike la kwanza likishaachishwa ziwa liende kwa mtoto mwingine atakayemtaja yeye. Madume ni yenu. Mkishalipa, mbuzi mwenyewe naye ni wenu.

Wanaokopa si mimi wala dada. Ni wapwa zangu wawili: binti wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume wa darasa la tatu. Huku Mgeta, kwetu Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba hana pa kujificha. Mtoto wa dada akiharibikiwa, anayeulizwa kwanza ni mimi.

Nimewanunulia kaunta buku. Sheria ni moja tu: kilichotokea kinaandikwa, hata kama kinaaibisha. Hapa nanakili walichoandika wao, naongeza na ya kwangu.

Mbuzi ni wa maziwa, uzao wa Norwei. Aina hii ililetwa miaka ya 1980 kupitia chuo cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, ikapandishwa kwetu milimani kwa sababu ya baridi yetu. Mbuzi wa aina hii haachiwi kuzurura. Ukimwachia kwenye miteremko hii, kabla ya saa nne ameshamaliza kabichi za jirani na umeshaitwa kwa mwenyekiti. Anakaa bandani, anakatiwa majani. Ameota manyoya meupe yenye mabaka ya kijivu, hana pembe hata dalili. Mvulana kampa jina palepale: Kipara.

Banda tulilimaliza juzi. Sakafu imenyanyuliwa kama mita moja kutoka chini, miti ya mikaratusi, na kati ya fito na fito nafasi ya upana wa kidole. Nafasi ikiwa finyu, mavi hayadondoki na mbuzi analala kwenye unyevu. Ikizidi, kwato linazama na mguu unavunjika. Mvulana alipigilia safu mbili halafu akasimama na nyundo yake.

"Mjomba, kidole cha nani?"

Sikuwa nimelifikiria. Changu ni mara mbili ya chake. Tulimwomba fundi aliyejenga la bibi aje kupima, akatumia kijiti alichokichonga mwenyewe. Safu mbili zikang'olewa, zikapigwa upya. Kijiti hicho sasa kimefungwa kwa uzi kwenye daftari.

Siku ya 1

Tunahesabu kuanzia leo kwa sababu leo amepandwa.

Aliyegundua ni binti. Ameandika: "Kipara analia tangu alfajiri. Anatingisha mkia. Amekojoa mara nne. Majani ameyaacha." Nilidhani ni tumbo. Bibi aliposomewa alicheka: "Huyo yuko kwenye joto, mpelekeni leo, kesho mtakuta limepita." Likipita, ni kungoja siku 21 tena.

Tulipelekwa kwa mwenye mabeberu wawili. Mmoja mrefu, mweupe, hana pembe, ametulia kama mzee wa kanisa. Wa pili ana pembe, ndevu chafu, na harufu inayokufikia kabla hujafika. Mvulana alimtaka wa kwanza, kwa sababu "wanafanana na Kipara". Mwenye mabeberu akakataa katakata. Akaeleza kwamba mbuzi asiye na pembe akipandwa na asiye na pembe mwenzake, baadhi ya watoto wa kike huzaliwa huntha, si jike si dume, wasiozaa wala kutoa maziwa. Mmoja wao lazima awe na pembe.

Njiani kurudi mvulana alinyamaza muda mrefu. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo yule mbaya ndiye mzuri." Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa Kipara.

Binti naye ana maswali yake kuhusu aliyoyaona leo. Nimempeleka kwa bibi yake. Kuna mambo mjomba hafundishi, na nashukuru mila imeniokoa.

Siku ya 22

Joto halijarudi. Mvulana anataka tutangaze. Dada amesema tusubiri siku nyingine 21 ndipo tuamini. Hakuna kingine cha kuandika, ila mvulana ameandika "SUBIRI" kwa herufi kubwa ukurasa mzima. Karatasi imeharibika.

Siku ya 29

Kipara anaharisha, manyoya yamesimama. Chanzo ni sisi: wiki yote hii watoto wamekata majani asubuhi na mapema ili wawahi shule, wakayamwaga bandani yakiwa na umande. Kwenye majani mabichi ya chini namna hiyo ndiko vibuu vya minyoo hukaa. Tulitakiwa kuyakata jana yake mchana, yakalala yakinyauka.

Bwana mifugo amekuja na pikipiki. Alishatoa chupa ya dawa, akaanza kupima kifua cha mbuzi kwa utepe ili akadirie uzito, maana kipimo cha dawa hufuata kilo. Katikati ya kupima akauliza, kama anayetaka mazungumzo tu, kama mbuzi amepandwa. Binti akafungua daftari: leo ni siku ya 29. Yule bwana akairudisha chupa ndani ya begi. Dawa ile haifai kwa mimba changa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Akatoa nyingine.

Mimi mpaka leo nilikuwa nikiliona daftari kama kazi ya kuwatia watoto adabu. Binti hakusema kitu, ila usiku nimemkuta akilitia jalada la nailoni.

Siku ya 37

Naandika hii kwa mkono wangu.

Jana watoto walikwenda kwenye sherehe ya jirani, wakarudi usiku, wakalala. Nilipita kwa dada kama saa nne nikasikia Kipara akilia. Hori tupu, ndoo tupu. Nikakata majani ya migomba kwa tochi, nikaleta maji, nikaondoka kimya. Niliwahurumia. Ni watoto, na wamekuwa wakijitahidi.

Asubuhi binti ameandika: "Jana jioni Kipara amekula vizuri." Hakumpa chakula yeye, alidhani mdogo wake amempa. Mdogo wake naye alidhani dada yake.

Siku ya 38

Dada amejua. Hakugombeza watoto, amenigombeza mimi. "Umewaibia," alisema. "Walikuwa na jambo lao juzi, jambo zuri kabisa la kuumia, ukaliiba usiku kama mwizi wa mahindi." Nikajitetea kwamba aliyelala njaa angekuwa mbuzi, si watoto. Akasema ningewaamsha. Saa nne ile ile, na baridi ile ile, wakakate wenyewe.

Sina la kujibu. Nilikuwa nimefikiri mahali ni pawili tu: ama mbuzi ateseke ndipo watoto wajifunze, ama niwafichie. Kuwaamsha hakukunijia kabisa, na nadhani ni kwa sababu kuwaamsha kungekuwa kazi kubwa kuliko kukata majani.

Nimewaambia ukweli mbele ya banda. Binti amefuta sentensi yake ya jana kwa mstari mmoja, bila kuipaka wino, akaandika juu yake: "Si kweli. Mjomba ndiye aliyempa." Tangu leo zamu zimeandikwa ubavuni mwa mlango kwa mkaa: asubuhi mmoja, jioni mwingine.

Siku ya 43

Joto halijarudi mara ya pili. Tumeamini.

Siku ya 90 na kitu

Masika. Barabara ya kushukia Sangasanga imekuwa uji, malori ya kabichi yanalala njiani. Watoto wanafanya kazi bila kukumbushwa na sina la kuandika, na hilo lenyewe ni taarifa. Samadi ya chini ya banda imejaza magunia matatu, na dada ameiweka kwenye njegere.

Siku ya 149

Tulitegemea kesho, siku 150. Amewahi kwa siku moja.

Ukungu leo ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni huoni banda. Mvulana ndiye aliyekuwa na zamu ya asubuhi. Alirudi akikimbia, mdomo wazi, sauti haitoki. Tulipofika, wa kwanza alishatoka, dume, analambwa. Wa pili alitoka baada ya robo saa hivi, jike dogo lililofungwa na utando puani. Dada akamwambia binti autoe kwa vidole, asiogope. Akautoa. Kilipiga chafya.

Kitovu tumekitia ayodini. Tumehakikisha wote wawili wamenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, kwa sababu kinga ya mwanambuzi iko humo, na kadiri saa zinavyopita ndivyo tumbo lake linavyoshindwa kuipokea. Dume alikuwa mnyonge wa kunyonya, mvulana alimshikia chuchu mpaka magoti yakamfa ganzi.

Niliwaambia mapema: jike msilipe jina. Jike si letu. Nimekuta daftarini limeshaitwa Ukungu.

Siku ya 151

Dume amekufa.

Upande wa upepo wa banda tumetundika magunia, yanashushwa kila jioni. Jana ilikuwa zamu ya mvulana. Alikuwa anasinzia juu ya sahani, nikamwambia, "Nenda kalale mjomba, nitayashusha mimi." Nikakaa kuongea na shemeji mpaka saa tano. Nikaenda kwangu moja kwa moja. Huku mwezi huu wa saba usiku baridi huingia mpaka kwenye mifupa ya mtu mzima aliyejifunika blanketi mbili.

Asubuhi jike lilikuwa limejibana chini ya mama yake. Dume lilikuwa pembeni, kwenye upepo.

Mvulana ndiye aliyemkuta. Akaanza kusema palepale, kabla hata sijauliza, kwamba ni yeye, ilikuwa zamu yake, imeandikwa mlangoni. Dada alinitazama. Lilikuwa jambo jepesi sana kusema ni mapenzi ya Mungu. Pengine angekufa hata magunia yangeshushwa, maana alizaliwa mnyonge. Bwana mifugo alipopigiwa simu naye alisema hivyo.

Nimechukua daftari nikaandika: "Magunia hayakushushwa. Aliyeahidi kuyashusha ni mjomba. Alisahau." Nikampa mvulana asome kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza kama nitachapwa.

Tumemzika nyuma ya migomba. Mvulana alichimba, binti alishika tochi ingawa kulikuwa kumepambazuka. Hakuna aliyelia mbele yangu. Kipara aliita mpaka adhuhuri, kisha akala.

Siku ya 160

Tunakamua asubuhi tu, sehemu nyingine ni ya Ukungu. Binti anakamua kwa kufumba, si kwa kuvuta chuchu, kama bibi alivyomfundisha. Leo robo tatu lita. Tunapima kwa jagi lenye mistari, kwa sababu wiki iliyopita mvulana alikuwa akipima kwa macho na mbuzi wetu alikuwa anaelekea kuishinda ng'ombe.

Tunayachemsha kabla ya mtu yeyote kuyaonja. Yanayobaki anayachukua mama mmoja jirani kwa ajili ya mtoto wake mdogo. Hela inaingia kwenye kopo la mvulana.

Siku ya 196

Binti hukamulia mikamuo miwili ya mwanzo juu ya kitambaa cheusi. Leo upande wa kushoto umetoa madonge madogo kama jibini. Kiwele upande huo kina moto. Bwana mifugo amesukumia dawa ndani ya chuchu na kusema maziwa yasinywewe na mtu mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe tangu dozi ya mwisho. Kwa jumla yake ni wiki nzima.

Jioni yule mama alikuja na chupa yake. Tulikuwa wote uani. Mvulana alishika jagi lililojaa maziwa ya upande wa kulia, meupe, hayana kasoro ya kuonekana. Namfahamu vizuri mtoto huyu: kopo lake lilikuwa limebakiza kidogo sana afikie mpira wa ngozi anaoutaka. Nilijizuia nisiseme neno. Nilifika mahali pa kuuma ulimi kweli.

"Mama, leo hayafai. Kipara amechomwa dawa. Njoo Jumanne ijayo."

Yule mama alisema mbona yanaonekana mazuri, na mtoto wake analia. Mvulana akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, hayafai. Akayamwaga kwenye shimo la mbolea mbele yake. Baadaye alikaa kwenye ngazi ya banda akihesabu kwa vidole ni lita ngapi zitamwagwa hadi Jumanne, na akaziandika zote, siku kwa siku, kabla hazijamwagwa.

Siku ya 203

Jumanne. Yule mama amerudi, na amemleta na shemeji yake, naye anataka maziwa. Hayatoshi wote wawili. Mvulana amegawa nusu kwa nusu, wamemnung'unikia wote.

Siku ya 241

Ukungu ana miezi mitatu. Anakula majani kuliko anavyonyonya, anapanda juu ya kila kitu, juzi alipanda mgongoni kwa babu aliyeinama kufunga kiatu. Usiku anamtambua mvulana kwa kukohoa tu.

Bibi ametuma salamu kwamba ameshamtaja mtoto wa kupokea. Ni msichana wa ng'ambo ya bonde, anaishi na nyanya yake.

Niliwaita watoto. Sikulala vizuri jana, nikawa nimepata njia. Nikawaambia: mmempoteza dume, mmebaki na mmoja tu. Nitakwenda kwa bibi nimwombe atuvumilie, tulipe kwa uzao wa pili. Bibi ni mtu wa kuelewa, na aliyepoteza dume ni mimi, kwa hiyo ombi ni la kwangu.

Mvulana aliruka. Binti alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na daftari. Akafungua ukurasa wa kwanza, ule wa kabla ya siku ya 1, mwandiko wake wa wakati ule, mikubwa na ya kulalia. "Jike la kwanza likiachishwa ziwa." Akaweka kidole hapo.

"Hapajaandikwa jike la kwanza kama kuna wengine, mjomba."

Mdogo wake akamwita mchawi, akakimbilia bandani. Mimi nilibaki pale na njia yangu niliyoipata usiku. Lile la siku ya 37 lilikuwa limenirudia vilevile, nimelivika tu nguo nyingine: nilitaka kukata majani usiku, wao wakiwa wamelala.

Siku ya 258

Tumempeleka leo. Ni mwendo wa kushuka mpaka mtoni na kupanda upande wa pili, kama saa nzima ukiwa na mbuzi anayetaka kuonja kila kichaka. Mvulana alikuwa amesema haji. Tulipofika mtoni tulimwona nyuma yetu, mbali, amebeba furushi la matete.

Msichana anayepokea ni mdogo kuliko nilivyotarajia, nafikiri umri wa mvulana wetu. Nyanya yake alituwekea mkeka na uji. Banda lao ni jipya, miti bado inanuka utomvu. Mvulana hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kulikagua, akaingiza kidole kati ya fito, akatoa mfukoni kile kijiti cha fundi, ambacho sikujua kwamba amekikata kutoka kwenye daftari. Alipima sakafu yote. Fito moja ilikuwa imepanuka. Akaomba nyundo.

Binti alimwandikia yule msichana ukurasa mzima: tarehe ya kuzaliwa, baba ni beberu mwenye pembe wa nyumba fulani, asije akapandwa na huyohuyo. Majani asiyoyapenda. Dawa ya minyoo, lini na ipi. Kijiti kimebaki huko.

Ukungu hana pembe, kama mama yake. Hilo nalo limeandikwa, na limepigiwa mistari miwili.

Bibi alikuwepo kushuhudia. Alisema, "Basi, Kipara ni wenu." Hakuna aliyeshangilia.

Siku ya 259

Usiku upepo ulikuwa unatoka ng'ambo, na sauti ya mwanambuzi ilifika mpaka kwa dada. Kipara aliijibu. Dada anasema mvulana aliamka, akatoka, akaketi bandani mpaka zote mbili ziliponyamaza. Magunia yalikuwa yameshashushwa.

Asubuhi, kwa kuwa hakuna wa kunyonya tena, binti amekamua yote. Jagi limefika lita moja na robo, hatujawahi kuipata. Ameiandika tarakimu hiyo, akalifunga daftari, akaenda shule bila kunionyesha.

Yule mama na shemeji yake, leo kila mmoja kapata chupa yake.